Aliyeziba mdomo na aliyenyamaza

Kwa kawaida ukurasa huu unaongea juu ya mtoto anayeharisha, minervali, hesabu za AVEC na mume anayechelewa kurudi. Leo unaongea juu ya mpira wa miguu. Tunajua baadhi yenu mko tayari kuwashia makala kwa karatasi hii, subirini kidogo. Katika nyumba zetu kuna vijana wengi wenye mpira miguuni, na kila mmoja wao anapotaja kwenda kucheza ngambo ya mpaka, jina moja linatajwa pia: Luvumbu. Wamama wanalitaja kama onyo. Vijana wanalitaja kama sifa. Tumeona afadhali tueleze habari yote toka mwanzo, maana wengi wanaolitaja jina hilo wanajua ile picha moja tu ya simu.

Héritier Luvumbu ni kiungo, yaani mchezaji wa katikati. Kwa asiyefuata mpira tuseme hivi: nyuma kuna wanaozuia, mbele kuna wanaofunga na kupigiwa makofi, na katikati kuna yule ambaye kila kitu kinapita kwake. Anapokea mpira uliovurugika kutoka nyuma, anautuliza, anaupeleka mbele, halafu anakimbia tena nyuma kusaidia. Akifanya vizuri hakuna anayemtaja. Akipumzika dakika tano, nyumba yote inaharibika. Mama yeyote anaielewa kazi hiyo bila kufundishwa.

Sisi tulimjua kupitia AS Vita Club ya Kinshasa, wale wa kijani na nyeusi. Mwezi wa kwanza wa 2016 alikuwa katika timu ya taifa iliyokwenda CHAN, mashindano ya wale wanaocheza ndani ya nchi zao, si Ulaya. Mashindano hayo yalifanyika Rwanda. Tarehe 17 Januari, mjini Huye, Congo iliifunga Ethiopia 3-0, na bao moja kati ya hayo lilikuwa la Luvumbu. Tarehe 7 Februari 2016, katika uwanja wa Amahoro mjini Kigali, Congo iliifunga Mali 3-0 ikachukua kombe. Kumbukeni tarehe hiyo, maana itarudi. Na kumbukeni mahali: kombe hilo Chui walilinyanyua Kigali, mbele ya watu wa Kigali, na kila mtu akarudi kwake salama. Miaka nane si mingi, wamama. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa darasa la pili tu mambo yalipobadilika.

Baadaye Luvumbu akazunguka, kama wachezaji wetu wengi wanavyozunguka. Mkataba ukiisha hapa, unatafuta pale. Katika kuzunguka huko akafika Rayon Sports ya Rwanda, klabu ya buluu na nyeupe yenye mashabiki wengi sana nchini mwao. Alicheza huko 2021, akaondoka, akarudi mwanzoni mwa 2023. Mwaka huo huo Rayon ilichukua kombe ambalo Wanyarwanda wanaliita Kombe la Amani, naye akiwa katika kikosi. Tunaandika hivyo kwa sababu kuna vijana wanaodhani alikuwa mgeni aliyepita njia. Hapana. Alikuwa mtu wa kazi, aliyelipwa mshahara, ambaye mashabiki walimpenda kwa mguu wake wa mipira ya adhabu, na ambaye angeweza kumalizia miaka yake ya mpira pale pale bila mtu wa Mubambiro kujua hata jina lake.

Halafu ikaja Februari 2024.

Hatutaandika hapa majina ya majeshi. Kila mama anayajua kuliko sisi, na anajua lipi lilipita mbele ya mlango wake. Tuseme tu kwamba serikali ya Kinshasa na ya Kigali zilikuwa zinashutumiana, kama mnavyojua, na sisi tulikuwa katikati ya shutuma hizo na magodoro kichwani. Katika siku zile watu wa Sake walikuwa wanateremka barabara kuelekea Goma, miguu, pikipiki, chukudu iliyojaa sufuria na watoto juu yake. Wengine walikuwa wanakimbia mara ya tatu ao ya nne.

Siku hizo hizo, mbali sana, Chui walikuwa Côte d'Ivoire katika Kombe la Afrika. Hakuna aliyewategemea. Walitoka sare mechi zote tatu za kundi, na Zambia, na Morocco, na Tanzania. Kisha wakaitoa Misri kwa penalti, na penalti ya mwisho ilifungwa na gardieni wao Lionel Mpasi, jambo ambalo hata sisi tusiojua mpira tulilisimulia wiki nzima. Tarehe 2 Februari wakaifunga Guinea 3-1. Baada ya hapo mshambuliaji Cédric Bakambu aliandika kwenye simu yake juu ya mauaji ya mashariki na juu ya dunia inayoona na kunyamaza. Mpira ulikuwa umefungua mlango, naye akapitisha neno.

Tarehe 7 Februari 2024 ilikuwa nusu fainali, Congo na wenyeji Côte d'Ivoire, mjini Abidjan. Kwetu ilikuwa saa nne za usiku. Waliokuwa na redio walisikiliza, waliokuwa na simu yenye moto waliangalia watu kumi kwenye kioo kimoja. Wimbo wa taifa ulipoimbwa, wachezaji wetu walifanya ishara. Mkono mmoja uliziba mdomo. Mkono wa pili ulinyoosha vidole kwenye kichwa, juu ya sikio, kama bastola. Kocha wao, Mfaransa Sébastien Desabre, aliifanya pia. Hawakusema neno, hawakutaja nchi, hawakutaja mtu. Mchezo tulipoteza 1-0, bao la Sébastien Haller. Lakini waulizeni waliolala nje usiku ule, ndani ya shule ao kanisani, wanakumbuka nini. Hawatawataja Haller.

Tarehe 10 tukapoteza tena nafasi ya tatu, kwa penalti, mbele ya Afrika Kusini.

Tarehe 11 Februari, siku ya Mungu, Rayon Sports ilicheza na Police FC mjini Kigali. Luvumbu akafunga. Na alipofunga, akakimbia kushangilia, akaziba mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole kichwani kwa mkono mwingine. Ile ile ya Abidjan, siku nne baadaye, lakini katika uwanja wa Kigali, akiwa na jezi ya klabu ya Rwanda, mbele ya mashabiki wanaomlipia tiketi.

Mambo yakaenda haraka. Klabu yake ikajitenga na kitendo hicho. Tarehe 13, Shirikisho la Mpira la Rwanda likamfungia miezi 6, likisema ishara ile ni ya siasa na haina nafasi uwanjani. Siku hiyo hiyo Rayon Sports na Luvumbu wakavunja mkataba kwa makubaliano, neno ambalo katika mpira maana yake ni kwamba mlango umefungwa na pande zote mbili zimetia sahihi. Siku mbili tu, na kazi imekwisha.

Siku iliyofuata, tarehe 14, kombora lilianguka ndani ya kambi ya wanajeshi wa Afrika Kusini hapa Mubambiro. Wawili walikufa, watatu waliumia. Tunalitaja ili wiki ile ieleweke ilikuwa ya namna gani: Jumamosi tunacheza na Afrika Kusini penalti, Jumatano watoto wa wamama wa Afrika Kusini wanafia kwenye udongo wetu, na katikati kuna mtu mmoja wa mpira aliyepoteza kibarua kwa ajili ya mikono yake miwili. Nao wale wawili walikuwa na mama zao, mbali sana na hapa, ambao kabla ya siku ile pengine hawakuwahi kusikia jina Mubambiro.

Luvumbu akavuka mpaka akaingia Goma. Watu walimpokea kama shujaa. Kutoka hapo akaenda Kinshasa, wakubwa wakampa mkono, na Vita Club, klabu yake ya zamani, ikamfungulia mlango. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Kijana anayesema Luvumbu alifungwa jela Kigali anaongopa. Anayesema alipewa jumba la kifahari, hatujui amelitoa wapi.

Tulipolizungumza jambo hili katika kikao, tulidhani tutalimaliza kwa dakika kumi. Tulikosea kiasi cha saa moja na nusu. Mama mmoja ambaye nyumba yake ya Sake haina tena mabati alisema: mimi yule kijana alinisemea, basi. Wakubwa wana magari na mikutano na hoteli, hawakunisemea; yeye alikuwa na sekunde kumi baada ya bao, akanipa mimi. Huyo hatukumjibu. Ungemjibu nini?

Lakini mwingine, anayevuka mpaka mdogo kila asubuhi na ndoo ya bidhaa, alitikisa kichwa. Alisema: kule ninauza kwa watu, wananiita jina langu, mwanamke mmoja ananishikia mzigo bila kulipa. Wale waliokaa uwanjani hawakutuma kombora. Ukila katika sahani ya mtu, hata kama kaka yake ni mbaya, hunyooshi kidole ukiwa bado unatafuna. Na aliongeza jambo ambalo lilituuma: baada ya ishara ile, kwa siku kadhaa, wateja wake walikuwa wakimwangalia mikono.

Wa tatu, mjane, hakujali siasa ya huku wala ya kule. Alitaka kujua nani analipa nyumba. Wale waliompigia kelele Goma, alisema, walirudi kwao jioni. Kelele hazipiki sombe. Mchezaji aliyepita miaka 30 ana misimu mingapi imebaki? Minne? Mitatu? Miezi 6 kwake ni kama hasara ya shamba zima.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja anayefundisha shule alipotuletea habari ya mtu wa mbali, Mzungu wa Ukraine, kiungo pia. Mwanzoni tulimcheka: sisi tuna Luvumbu, unatutafutia nini huko kwenye baridi? Aliposema tukanyamaza.

Jina lake Anatoliy Tymoshchuk. Alizaliwa 1979 katika mji wa Lutsk, magharibi mwa Ukraine. Alianzia katika klabu ya mji wake, Volyn, halafu akaenda Shakhtar ya Donetsk, upande wa mashariki, ule wa migodi ya makaa. Huko akawa kapteni. 2002 Shakhtar ilichukua ubingwa wa Ukraine kwa mara ya kwanza naye akiwa katikati. 2006 alikwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani na Ukraine ikafika robo fainali. 2007 akahamia Urusi, Zenit ya mji wa Saint Petersburg, klabu ya shirika la gesi Gazprom, na 2008 akanyanyua Kombe la UEFA kama kapteni. Wakati ule hakuna aliyemlaumu. Mrusi na Mukraine walikuwa wanaoana, wanazika pamoja, kama sisi tunavyojua majirani kuwa. Kisha Bayern Munich kutoka 2009 hadi 2013. Alianza katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2012 waliyopoteza kwa penalti mbele ya Chelsea, na mwaka uliofuata Bayern ilipochukua kombe hilo alikuwa kwenye benchi. Kwa Ukraine alicheza mechi 144. Hakuna Mukraine aliyecheza zaidi yake.

Miguu yake ilipochoka akarudi Zenit kuwa kocha msaidizi. Ndipo tarehe 24 Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine. Wachezaji wenzake wa zamani wakasema. Wengine wakalia mbele ya kamera, wengine wakarudi nyumbani. Yeye hakusema kitu. Hakushangilia vita, hakuipinga. Aliendelea kwenda kazini, mazoezi asubuhi, mechi Jumamosi. Mwezi wa Machi makombora ya Urusi yaliangukia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Lutsk, mji uleule alikozaliwa. Bado akanyamaza. Mwezi huo huo Shirikisho la Mpira la Ukraine likamwondolea leseni ya ukocha, likamvua heshima na mataji yake yote, likataka jina lake lifutwe katika orodha ya wachezaji wa timu ya taifa, na likamfungia maisha yake yote asifanye kazi yoyote ya mpira nchini Ukraine.

Na ile Shakhtar aliyokuwa kapteni wake? Ni mkimbizi. Toka 2014, vita vilipoanza mashariki mwa Ukraine, haijacheza tena nyumbani Donetsk. Imepanga Lviv, imepanga Kharkiv, imepanga Kyiv, kama sisi na turubai zetu. Mama mmoja aliuliza kama klabu nayo inapewa tokeni ya chakula. Tulicheka, ilitusaidia.

Sasa wekeni hawa wawili pamoja. Kiungo mmoja alitoa ishara ya kuziba mdomo katika nchi iliyomlipa, akapoteza kazi kwa siku mbili. Kiungo mwingine alifunga mdomo wake kwelikweli katika nchi iliyomlipa, akabaki na kazi, akapoteza jina nyumbani. Mwalimu wetu alituambia: ninyi mnamwambia kijana asiige Luvumbu, mkatie kichwa kwenye mpira tu. Sawa. Basi mjue kwamba kunyamaza nako kuna bei, ila bili inakuja kwa njia nyingine.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tumelipima, na hatutajificha nyuma ya kusema kila mtu ana maoni yake. Tunaona Luvumbu hakumtukana mtu. Ishara ile haina jina la nchi ndani yake. Inasema watu wanakufa na hawasikilizwi, na hilo ni kweli, tulikuwepo. Asiyeona jina lake ndani ya ishara hana sababu ya kuikasirikia. Tunajua pia kwamba kanuni za mpira zinakataza ujumbe wa siasa uwanjani, na mwajiri wake alikuwa na haki ya kumwita na kumkanya. Lakini kuvunja mkono wa mtu aliyepunga? Miezi 6 ilikuwa mingi. Abidjan ishara ileile ilifanywa na timu nzima mbele ya Afrika yote, hakuna aliyepoteza mkate wake. Kilichotofautiana si mikono. Ni ardhi iliyokuwa chini ya miguu.

Kwa mwenzetu wa ndoo tunasema hivi: una haki ya kuogopa, na wanunuzi wako hawana hatia. Hatuwezi kudai kwamba kila mtu wetu aliye ngambo awe bendera. Mtu aliyevuka kutafuta unga hajasaini mkataba wa kusemea taifa. Mtoto wako akicheza kule akafunga bao na kushangilia kwa kuruka tu kama mbuzi, hatutamwita msaliti, na tunaomba vijana wa hapa waache tabia hiyo ya kuwapima wenzao kwa ishara. Tumesikia mtoto wa miaka 9 akifukuzwa kwenye mchezo wa mpira wa karatasi kwa sababu alifunga bao bila "kufanya Luvumbu". Mtoto wa miaka 9, ambaye bibi yake yuko upande wa pili wa mpaka! Mambo gani hayo?

Juu ya Tymoshchuk tuligawanyika, na bado tumegawanyika. Wengi wetu wanaona ni vigumu kumtetea. Hakuwa kijana wa kutafuta unga. Alikuwa mtu mzima wa miaka 42, mwenye medali na pesa, ambaye angeweza kuacha kazi kesho na watoto wake wasilale njaa. Mtu wa namna hiyo akinyamaza mji wa mama yake ukipigwa, kunyamaza kwake kunasikika. Wachache wetu walisema: mnajuaje kilicho moyoni mwake, ao ana nani huko wa kumlinda? Na kumfutia mechi 144 ni uongo tu, kwa sababu alizicheza, watu waliziona. Kwenye hilo la mwisho tulikubaliana wote. Adhabu inaweza kumnyima mtu kazi. Haiwezi kurudisha mpira uliokwisha kupigwa.

Tukitoka hapo, tunarudi kwa vijana wetu, maana wanaondoka hata tukilia. Wengi wanaota Dauphin Noir na uwanja wa Unité pale Goma, lakini mpira wa Goma unasimama kila vita vinaposimama barabarani, nao wanaangalia Rwanda, Uganda, Burundi, Tanzania. Kwa hiyo wamama, kabla ya kusema ndiyo ao hapana kwa sababu ya Luvumbu, angalieni kwanza karatasi. Kanuni za FIFA hazikubali mchezaji aliye chini ya miaka 18 ahamishwe nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Moja inatuhusu sisi wa mpakani: kijana akikaa nyumbani kwao si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka, na klabu nayo ikiwa si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka ule ule, na kati ya nyumba na klabu zisizidi kilomita 100, inawezekana, lakini lazima kijana aendelee kulala kwenu, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Klabu ya Rubavu inaweza kuingia katika kipimo hicho. Kigali haiingii. Basi mtu akija kukuambia anampeleka mwanao wa miaka 16 kukaa Kigali, ao Kampala, kwenye "akademi" ya kuandikishwa klabu, huyo hajui kanuni ao anajua na anakuficha.

Mkataba wa aliye chini ya miaka 18 hauwezi kupita miaka 3. Ukiletewa wa miaka 5, rudisha. Mtu anayeomba dola za "majaribio" ao za "pasipoti ya haraka" kabla hamjaona barua yenye jina la klabu, muhuri na namba ya kupigia, mwache aende. Na someni kipengele cha nidhamu, kile cha mwisho ambacho hakuna anayekisoma, kinachosema klabu inaweza kuvunja mkataba lini na inalipa nini ikivunja. Hapo ndipo kijana atakapojua mapema mikono yake ni ya nani akifunga bao. Ajue, halafu achague mwenyewe. Akitimiza 18 hata sisi hatutamchagulia.

Mkataba ukiwa wa Kifaransa ao Kiingereza, msione haya. Uleteni Alhamisi saa nane, tutausoma pamoja polepole. Njooni na kijana mwenyewe, si karatasi peke yake.